Dafu Lisilogusa Chini

Wewe uliyeketi kwenye benchi ukingojea kuitwa jina, kikapu mapajani na kanga ya kujifunika begani kwa sababu umeambiwa mle ndani kuna baridi, haya nayaandika kwa ajili yako. Sitakueleza figo ni nini wala ile mashine yafanya kazi vipi. Hayo utaambiwa na waliosoma, na watakuambia hadi uchoke. Mimi nataka kukueleza mambo ya nyumbani. Mashine ilinichosha, sikatai, lakini iliyonitoa machozi ni nyumba.

Naitwa Mwanatumu, wa Mtongwe, Likoni. Kabla ya maradhi nilikuwa mpishi wa harusi, na si wa kukaangia watu mahamri tu. Mimi ni wa yale masufuria ambayo mtu mzima aweza kuoga ndani yake. Harusi ikinoga watu husema bibi harusi kapendeza, lakini wanaojua huuliza nani kapika. Mume wangu, Bakari, alikuwa kuli bandarini mpaka mgongo ukamwambia basi. Tumejaliwa mtoto mmoja, Zuhura, ameolewa Kisauni.

Nilianza kuvimba miguu wakati wa kaskazi, kwenye harusi moja huko Chaani. Viatu nilivyokwenda navyo havikuniingia wakati wa kurudi, nikavibeba mkononi. Wenzangu wakacheka, wakasema, "Mwanatumu, wanenepa, mzee akutunza." Nami nikacheka. Nikadhani ni kusimama motoni. Baadaye uso nao ukavimba, pumzi ikawa fupi, na kila nilichokila kikawa na ladha ya chuma, kama nimenyonya ufunguo. Nikapika harusi nyingine mbili katika hali ile. Mtu akiniambia niende hospitali namwambia, na wali wa watu utapikwa na nani? Ndivyo nilivyokuwa.

Zuhura ndiye aliyenipeleka kwa nguvu. Siku tuliyopewa majibu, mimi niliingizwa ndani peke yangu, maana chumba kilikuwa kidogo na watu wengi. Sista mmoja mfupi, mwenye sauti ya upole, akanikalisha akanieleza. Mashine mara mbili kwa wiki. Maji kikombe kidogo, na hicho kikombe akanionyesha, jamani, ni kile tunachonywea kahawa chungu. Kisha akanitajia vya kuacha: ndizi, tende, mihogo ya kuchoma, maparachichi. Na madafu. Hilo la madafu akalirudia, kwa kuwa alikuwa mtu wa pwani na alitujua.

"Mama, wengine wanakunywa dafu wakidhani ni dawa ya figo. Kwako wewe ni sumu. Lausimamisha moyo. Hata mdomo usilitie."

Nikasema nimesikia. Nilipotoka nje, Bakari alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, aigeuzageuza. Mtu yule amebeba magunia maisha yake yote na sijapata kumwona akitetemeka, lakini siku ile midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Wamesemaje, Mama Zuhura?"

"Wamesema nipunguze maji na chumvi," nikamwambia.

Nilikusudia kumweleza mengine tukishavuka feri. Tukavuka, na sikumweleza. Nilimwona hana nafasi ya habari mbaya tena kwa siku ile.

Basi tukaanza. Siku za mashine twaondoka alfajiri, Zuhura keshatoka kwake Kisauni kuja kunipokea upande wa mjini, Bakari anishikilia mkono hadi mlangoni pa hospitali kisha amwachia bintiye. Wenye kusindikiza hawaruhusiwi kuingia penye mashine. Ndani ni viti vikubwa vya kulalia, na kila kiti kina mashine yake, na kila mashine ina kelele yake. Ikilia yako, moyo waruka. Walinipasua mkono wa kushoto wakaunganisha mshipa, na tangu siku hiyo mkono ule ukiugusa wavuma. Usiku wa kwanza nilidhani kuna nyuki shukani. Ngozi yangu ikawa nyeusi, kavu, yenye magamba kama ya samaki changu. Choo kidogo kikakatika taratibu hadi nikasahau. Kiu, ee Mungu wangu, kiu! Nilikuwa nikiota mifereji ya maji.

Kiti cha pili yangu alikuwa Mama Kioko, Mkamba anayeishi Changamwe, alikuwa akifanya kazi kiwandani kabla figo hazijamtoa. Alinizidi kwa mwaka mzima wa mashine, na kwa domo pia. Alikuwa akinitania Kiswahili changu.

"Wewe unaongea kama unasoma habari," hunambia. "Mimi ukinitukana sitajua, nitafikiri umeniombea dua."

Alinifundisha kumung'unya kipande cha barafu badala ya kunywa maji, kiyeyuke polepole ulimini. Alikuwa akija na barafu yake kwenye chupa ya chai, na hunipa nusu bila kuombwa. Ukimpata mtu wa namna hiyo kwenye kiti cha pili, mshike.

Sasa niseme ya Bakari. Zuhura alikuwa ameshika kila kitu. Kadi ya bima, dawa, kusema na madaktari, yote yeye, ila mambo ya chakula nilimwambia aniachie mimi mpishi. Bakari alibaki barazani. Mtu aliyezoea kubeba, ukimwondolea mzigo hajui aweke wapi mikono. Atafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Atanijia chumbani, "Wataka nini?" Sitaki kitu. Baada ya dakika mbili arudi, "Wataka nini?" Nikamwambia kwa ukali, we Bakari, hebu niache nipumue! Akatoka, na nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

Ndipo wazee wenzake wa msikitini wakampa dawa. Dafu. Tena si dafu lolote. Liwe changa, liwe la mnazi mrefu, lianguliwe baada ya sala ya alfajiri, na lisiguse chini. Likigusa ardhi dawa yote imekwisha. Usicheke. Hayo mimi mwenyewe nimeyasikia tangu utotoni, na marehemu baba yangu alipougua nilimnywesha vivyo hivyo.

Nyuma ya jikoni kwetu pana mnazi uliopandwa na babu yake Bakari, mrefu hata ukiutazama shingo yauma. Bakari alipokuwa kijana, kabla ya bandari, alikuwa mkwezi, na vidato vile vya kukanyagia vilivyo kwenye shina alivikata yeye. Lakini ni miaka mingi alikuwa hakwei. Tulikuwa tukikodi mtu.

Asubuhi moja akaingia chumbani. Kifua kimechubuka, kinatoka damu. Magoti yanagongana. Amelikumbatia dafu kwa mikono miwili.

"Halijagusa chini, Mama Zuhura. Nimeshuka nalo, kamba nimeiuma kwa meno."

Na usoni, wallahi, alikuwa kama siku tuliyooana.

Wewe ungelimwambia nini? Niambie. Mimi nililishika, nikanywa. Nilikuwa na kiu ya wiki nyingi, na lilikuwa tamu mpaka nikaona haya. Yeye amesimama atazama koo langu likimeza. Nikajiambia ni hili moja tu, ili moyo wake utulie.

Halikuwa moja. Ikawa kila baada ya siku ya mashine amekwea. Upepo wa kusi ulipoanza, mnazi wayumba, nami nimelala namsikia akisema bismillahi kila kidato. Jirani yetu Mishi ana mnazi wa kitamli, mfupi, dafu lake lachumwa mtu amesimama. Akamwonea huruma mzee wa watu, akamletea madafu mawili ya bure. Bakari akashukuru, na Mishi alipogeuza mgongo akawapa mbuzi.

"Kwani hayo si madafu?" nikamwuliza.

"Dafu la kuchuma umesimama lina dawa gani?"

Hapo nilipaswa kuelewa. Kwake yeye dawa haikuwa ndani ya dafu. Ilikuwa kwenye kile kifua kilichochubuka. Kadiri lilivyomtesa ndivyo alivyoliamini, na ungemletea daktari wa dunia nzima asingemwamini kuliko magoti yake.

Lakini usimcheke yeye peke yake, maana na mimi nilikuwa na langu. Kila nilipokunywa niliacha kikombe changu cha maji, nikajifanya nimelipa. Nikilala najisemea moyoni, tazama, Mwanatumu, waiweka roho yako hatarini ili mumeo asivunjike moyo. Nani mwingine angefanya hivyo? Nilijiona walii. Nilikuwa mgonjwa, sipiki, siwezi hata kuinua mwiko, na hiyo ikawa ndiyo kazi yangu kubwa iliyobaki.

Nikamweleza Mama Kioko siku moja tumefungwa kwenye mashine. Nilitaka anisifu, nisikufiche.

Akaacha kumung'unya barafu yake. Kisha akasema, "Na yeye anajua hiyo kitu inakuua?"

"Hajui. Nikimwambia atavunjika."

"Sasa hiyo ni zawadi gani, mtu hata hajui amepewa?"

"Wewe hujui ndoa za watu," nikamwambia, nikageukia ukuta mpaka mashine yangu ilipolia. Siku ile sikupokea barafu yake.

Ramadhani ikaingia. Mimi sikufunga, na kutofunga kuliniumiza kuliko sindano. Bakari alifunga na akakwea akiwa amefunga, kinywa kikavu, macho yamezama. Zuhura naye alifunga, naye ndiye wa kuamka kabla ya daku, aache watoto na jirani, apite mji mzima aje kunipokea. Wote wawili wakawa wamechoka, na watu waliochoka kila mmoja huona mzigo wake tu.

Jioni moja tumekaa kufuturu. Mgeni mmoja, mzee wa msikitini, akasema naonekana nina nafuu. Bakari akafuta ndevu akasema, "Ni kudura za Mungu na yale madafu. Mimi mwenyewe namkwelea."

Zuhura akaweka kikombe chini. Akangoja mgeni aende zake. Kisha akasema, "Baba, madafu gani?"

Mimi nikawahi. "Ni dafu moja moja tu, mara chache. Mle, uji wapoa."

Lakini yeye hakuwa kwenye dafu tena, alikuwa kwenye lile neno "mimi mwenyewe". Akasema, "Mashine ndiyo inayomweka hai mama. Na mashineni hajipeleki mwenyewe. Nani anampeleka? Mimi nimeacha nyumba yangu. Mume wangu anakula kwa majirani. Wewe wakwea mnazi mara moja asubuhi, siku nzima wausimulia!"

"Zuhura."

"Abee, baba."

"Hiyo mashine yamjua jina lake?"

"Haimjui, lakini yamsafisha damu."

"Mimi namjua. Nina umri huu, nakwea. Siku nikianguka ndipo mtajua nani alikuwa akimpenda."

Wakaendelea hivyo hivyo, huyu na usingizi wake, huyu na mnazi wake. Nami nimeketi katikati, mikono imevimba, chakula hakipiti, nawaza: nyote wawili hamjui kitu. Anayebeba zaidi hapa ni mimi. Naona aibu kuyaandika, lakini ndivyo nilivyowaza, tena nikiwa na hakika kabisa.

Siku ya Idi akaniletea madafu mawili. Sikukuu, akasema. Nikanywa yote mawili.

Kesho yake alfajiri niliamka miguu si yangu. Nikataka kumwita, ulimi mzito. Nikataka kuinua mkono, haukuinuka. Na moyo ulikuwa waruka mara mbili tatu, kisha wanyamaza, kimya kirefu, nami nangoja kujua kama utarudi. Nimeogopa mambo mengi maishani lakini kimya kile sijakisahau. Bakari aliponikuta alinibeba peke yake hadi kwenye tuktuk. Alinibeba kama gunia, begani, huku akisoma Yasini kwa sauti ya juu, na watu wakafungua madirisha.

Sikumbuki kuvuka. Nakumbuka taa nyeupe, Zuhura analia, sindano huku na huku, na daktari kijana auliza haraka haraka, "Amekula nini? Amekunywa nini?"

Zuhura akasema wali kidogo, yai, basi.

"Fikiria vizuri. Ndizi? Tende za Idi?"

Ndipo Bakari akajisogeza mbele. Alikuwa bado na michubuko ya shina kifuani. Akasema kwa adabu, na kwa fahari, masikini ya Mungu, "Daktari, kibaya hajala. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa dawa. Dafu changa, la alfajiri, halijagusa chini. Jana nimempa mawili."

Mikono ya wote ikasimama. Daktari akatazama mashine ya moyo, akamtazama yeye, akasema taratibu, "Mzee, ni hilo dafu."

"Ndilo nini?"

Yule sista mfupi alikuwa kichwani pangu, nami ningelimwomba anyamaze kama ulimi ungeniitika. Akasema, "Lakini mama nilimwambia. Mwenyewe nilimwambia, siku ya kwanza. Mama, si nilikuambia?"

Bakari akanigeukia. Angojea nikatae.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshatoka.

Walinisafisha siku ile mpaka usiku, na moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Mama Kioko alinambia baadaye kuwa wenzangu wote wa viti vile waliniombea, Waislamu na Wakristo. Nililazwa. Zuhura akija hanitazami usoni, anikanda miguu kimya kimya. Bakari hakuja siku kadhaa. Alipokuja alisimama mbali na kitanda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikwee."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Nilikunywa kwa ajili yako, Baba Zuhura. Ningelikataa ungevunjika moyo. Nimeitoa roho yangu kwa ajili yako, kisha ndiyo wanikasirikia?"

"Nani alikuomba?"

"Na wewe nani alikuomba ukwee?"

Mwanamke wa kitanda cha pili akajifanya amelala.

"Hukuninywea mimi," Bakari akasema. Sauti haikupanda hata kidogo. "Uliinywea nafsi yako, ujione mwema. Mimi kila alfajiri nikifika katikati ya mnazi miguu yakataa, namwomba Mungu nisianguke kabla sijakufikishia. Kumbe ningeanguka ungepona."

"Astaghfirullah! Usiseme hivyo."

"Basi niseme vipi?"

Nilikuwa nimezoea kuona kwamba mimi ndiye niliyetoa zaidi, na pale kitandani nikaona kwamba nilichompa ni mikono ya muuaji. Hakuua, Alhamdulillahi, lakini mikono yenyewe anayo na ataenda nayo kaburini.

Niliporudi nyumbani hakunipa tena kitu kwa mkono wake. Hata kidonge, hukiweka juu ya kigoda akaondoka. Akinipitia na kikombe cha chai humwuliza Zuhura kwa simu, "Hii yaruhusiwa?" Zuhura humwambia, baba, ni chai, na iko kwenye hesabu yake. Bado hanipi. Na mimi kwa kiburi changu simwambii nipe.

Kisha akapata wazo la kutoa figo. Hakuniuliza mimi, alikwenda moja kwa moja kwa madaktari. Kwa wiki kadhaa akawa mtu mwingine, amenyooka, ananyoa ndevu, amtembelea kila jamaa amwambie, "Nampa figo langu." Wakampima. Siku ya majibu nilikuwa kwenye mashine, nilipotoka nikamkuta kwenye benchi, jua lampiga, na kivuli kipo hatua mbili tu. Presha yake iko juu, na sukari pia. Wamemkataa.

"Hata figo langu hawalitaki," akasema.

Zuhura akamwekea mkono begani, "Baba, hapana aliyekukataa wewe." Akauondoa mkono, si kwa hasira, akauondoa tu.

Baada ya hapo masika yakaanza na akawa mkaaji wa nyumbani kabisa. Sijui kama umeshafika kwenye kuwashwa. Wenye maradhi haya twawashwa ndani ya ngozi, mahali kucha hazifiki, na mgongoni ndiko kubaya zaidi. Mkono wenye mshipa hauruhusiwi kutumia nguvu, na ule mwingine haufiki. Mchana mmoja mvua yanyesha, nimejisugua kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe, nalia kwa hasira. Bakari akatoka barazani, akaniketisha kitandani, akatia kiganja chake nyuma ya gauni langu la dera, akaanza kunikuna mgongo.

Viganja vyake ni vya magunia na minazi, vigumu, na vilijua pa kupita bila kuelekezwa. Akawa akikuna polepole kutoka mabegani hadi kiunoni, kisha apanda tena, mpaka mwili mzima ukaniachia. Nililala. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu harusi ile ya Chaani. Akafanya hivyo kesho yake, na siku nyingine nyingi za mvua zile, bila kuongea. Hatukuwa tumepatana, lakini mgongo wangu na mkono wake walikuwa wamepatana.

Na mimi, mjinga mkubwa, sikumshukuru. Wallahi halikunijia. Mtu akikwea mnazi utasema ahsante, lakini akikukuna mgongo utasema ahsante? Nilikuwa bado naulilia ule mkono wa dafu, sikuuona huu.

Mvua zilipopungua akafunga nguo zake. Kwao wana shamba la jamaa huko Matuga, akasema anakwenda kuliangalia.

"Hapa sina kazi, Mama Zuhura. Nimebaki kula tu."

Nikasema, haya, safiri salama. Nilidhani ni wiki moja. Ikapita Idi nyingine, vuli ikapita, na Bakari yuko Matuga. Huja Ijumaa baada ya sala, aketi barazani na kanzu yake kama mgeni, aulize hali, aache kuku au mkaa, kisha arudi.

Afya yangu sasa ni nzuri kadiri ya mashine. Moyo umetulia, uvimbe hakuna, na juzi nimesimamia sufuria la mtu, nimekaa kwenye kiti natoa amri. Mama Kioko yupo bado kwenye kiti chake, nilimwomba radhi, akasema hakujua kama nilikuwa nimenuna. Nakuambia haya usije ukadhani ukishakaa kwenye mashine umekwisha. Waweza kuishi. Lakini sema na watu wako. Ukiambiwa usile kitu, rudi nyumbani ukawaambie wote siku hiyohiyo, hata kama mtu analia. Na yule anayekuuliza wataka nini, usimfukuze. Fikiri, umwambie unachokitaka kweli, hata kiwe kidogo namna gani, kabla hajajitafutia mnazi.

Mimi nilifikiri nikiwa nimechelewa. Ijumaa moja nikajikaza, nikatoka barazani alipoketi, nikamwambia, "Rudi nyumbani, Bakari." Sikumwita Baba Zuhura.

Akatazama chini. "Nirudi nikufanyie nini?"

"Unikune mgongo."

Akainua kichwa. Niliuona uso wake ukifunguka kidogo, kisha ukafunga, nikajua amedhani namkebehi.

"Mwanatumu," akasema, "mimi nimekukwelea mnazi wa babu na umri huu. Nimewapa figo langu, Mungu hakutaka. Leo wanifanya mtu wa kukuna mgongo?"

"Wallahi sikutanii. Hakuna kilichonisaidia kama hicho. Si dafu, si mashine."

"Hicho ni kitu gani? Hicho hata mtoto hufanya."

"Hafanyi kama wewe."

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeumizwa, akavaa kofia. Akanambia nimsalimie Zuhura, na kwamba yule kuku ni wa kuchinjwa mapema asije akatoroka. Nilisimama mlangoni mpaka akaipita nyumba ya Mishi, na hakugeuka.

Sasa Zuhura ndiye anayenikuna. Huja jioni akitoka kazini, avua buibui, akaa nyuma yangu, na hachoki kuniuliza, "Hapa, mama? Hapa?" Namwambia hapo hapo, mwanangu, Mungu akubariki, na namwambia kila siku sasa, sisahau. Mkono wake ni laini, nao una haraka, maana watoto wamngojea.